Akiwa Mkuu, Nani Atatengeneza Ratiba?

Mama yangu,

Shikamoo sana. Naamini barua hii inakukuta umeketi pale nje ya jiko, miwani iko puani, na goti lako la kulia limetulia. Sisi huku kusini tu wazima wa mwili. Mjukuu wako anakula vizuri, viatu nilivyomnunulia juzi juzi tayari vinambana. Baridi ya huku inazidi hata ya Nyarero wakati wa ukungu, ila lile blanketi ulilonifungia kwenye gunia la ulezi bado linafanya kazi yake. Na nyinyi je? Mahindi yamesimama au upepo umeyalaza? Ndama wa yule ng'ombe mweusi aliacha kuhara? Mama mdogo alivuka kuja kukuona, au bado yuko kwake Isibania anasingizia vumbi la barabara ya Sirari?

Sasa, kabla ya lolote: yule dume mwekundu msimguse mpaka umalize kusoma. Mwite Mwita, mwambie aweke kisu chini. Namjua kaka yangu, akisikia tu kwamba barua ya Robhi imefika ataanza kunoa.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako, Mama, ni simu ya kijiji. Ukiipokea tu unaweka spika, na hapo jikoni yuko wifi yangu Ghati, wako akina mama wa kwaya, na mpita njia aliyeomba maji. Neno langu linafika Sirari kabla sijavuta pumzi. Halafu nikisema kwa mdomo nitapiga kelele, nawe utaanza kuniombea hapo hapo kwenye simu. Kwa hiyo nimempa Mwalimu Chacha anayekuja huko likizo. Soma mwenyewe, polepole. Ghati atasimuliwa baadaye.

Mama, hawakunipa.

Ukuu wa idara wamempa Dokta Kelvin. Ndiyo, yule yule niliyekuambia alipofika nilimpokea, nikamtafutia nyumba, nikamwonyesha mpaka swichi ya maabara ilipo maana imefichwa nyuma ya kabati. Yule anayeniita Dada Mkubwa. Ndiye mkuu wangu sasa. Sina ugomvi na mtu kupewa cheo, vyeo vipo vya kupewa watu. Ninachokataa ni sababu waliyoitoa. Hiyo sababu imenikaa kooni mpaka leo, chakula kinapita pembeni.

Ngoja nikueleze hizi kazi zetu, maana hapo nyumbani watu wanadhani mwalimu wa chuo kikuu anaingia darasani, anasema maneno magumu, anatoka, basi. Idara ya fizikia ni boma, Mama. Kufundisha ni kukamua tu. Nyuma yake kuna kazi ambazo mgeni hazioni. Kuna anayetengeneza ratiba, ili madarasa mawili yasijikute kwenye chumba kimoja. Kuna anayesimamia mitihani: kuikusanya kutoka kwa walimu wanaochelewa, kuifungia kabatini, kufuatilia maksi. Kuna anayewapeleka wanafunzi kwenye mafunzo ya vitendo na kuwabembeleza wenye viwanda wawapokee. Kuna anayeshika maabara ya mwaka wa kwanza, ambako watoto waliosoma fizikia ubaoni tu wanashika kifaa kwa mara ya kwanza maishani. Na kuna anayekaimu ukuu Profesa wetu, mkuu wa idara, anaposafiri. Na Profesa wetu alikuwa msafiri.

Sasa nikuulize, katika idara nzima yenye wanaume wenye shahada zao na suti zao, unadhani kazi hizo zilikuwa zinafanywa na akina nani? Zilikuwa zinafanywa na Robhi. Ratiba, Robhi. Mitihani, Robhi. Mwanafunzi kalia ofisini, mpeleke kwa Dokta Robhi, yeye ni mama. Hata mashine ya kutoa nakala ikikwama, Mama Tunu, katibu muhtasi wetu, alikuwa anapita milango yote ya wanaume na kugonga wa kwangu.

Na wewe ndiye uliyeniharibu, Mama. Nakwambia kwa upendo. Umenilea kwenye risaga, leo wote shambani kwa huyu, kesho kwa yule.

Nilipofika hapa, muhula wangu wa kwanza, karatasi za mtihani wa mwaka wa kwanza zilikuwa mafurushi. Mwalimu mmoja peke yake asingezimaliza. Nikafanya nilichokuona ukifanya wakati wa palizi: nikapita mlango kwa mlango nikatangaza siku, nikasema tusahihishe pamoja kwangu, chakula kipo. Nikapika ugali wa muhogo na ulezi, nikachinja kuku, nikachemsha maziwa. Wakaja wote! Wakavua makoti, wakakaa sakafuni, huyu anasahihisha swali la kwanza, yule la pili, karatasi zinazunguka, vicheko tele. Jioni kazi ikaisha. Nilitoka nje nikasema moyoni, kumbe hawa nao wanaijua risaga, nimefika kwa watu.

Basi nami nikaenda kwenye mashamba yao. Aliyekwama na mtihani wake, nilikwenda. Aliyeuguliwa na mke, nilimfundishia darasa lake. Kelvin alipokuwa anaandika makala zake za utafiti, maabara yake niliishika mimi muhula mzima, akaniambia, "Dada Mkubwa, sijui nitakulipa nini." Nikamjibu hakuna malipo, siku yangu ikifika utakuja. Akasema, "Bila hata kuniita!"

Mimi niliamini. Kwetu mtu akisema vile anakuwa amesema. Nilikumbuka mwaka ule Baba amelala kitandani na magugu yamepita magoti, nawe ulikuwa hujamwita mtu kwa sababu hukuwa na cha kuwapikia. Asubuhi tukasikia jembe linagonga mawe shambani. Tulipotoka tukamkuta Mama Wegesa yuko katikati ya mstari, ametoka kwake kule ng'ambo ya mto na jembe lake mwenyewe. Hakutoa pole ndefu wala hotuba. Alisema tu, "Nileteeni maji." Mchana shamba lilikuwa limejaa watu. Ndiyo risaga ninayoijua mimi.

Kwa hiyo Profesa alipotangaza anamaliza muda wake na kwamba idara ikae ipendekeze jina la kupeleka kwa wakubwa, mimi sikupita kwa mtu. Kwa nini nipite? Unapita kwa watu ambao hujawahi kuwalimia. Kelvin alipita. Alizunguka ofisi zote, huyu kamnunulia soda, yule kamwahidi masomo mepesi muhula ujao. Mama Tunu aliniambia, "Dokta, mwenzio anatembea." Nikamwambia mwache atembee, anafanya mazoezi. Nikacheka na mimi! Na jioni hiyo hiyo ndipo nilipokupigia simu nikakuambia mambo yanaelekea kuiva, nawe ukamtoa yule dume kwenye nira ukaanza kumnenepesha.

Kikao kikafika. Profesa akafungua kwa sala. Akasema majina ni mawili, Dokta Robhi na Dokta Kelvin, watu waseme. Nikawaangalia mmoja mmoja, wale wote waliokula kuku wangu. Huyu anatazama kalamu. Yule anafuta simu kwa tai. Kelvin mwenyewe anaangalia dari. Halafu mzee mmoja anayefundisha nadharia, mtu mpole kabisa, akakohoa akasema, "Mimi sina tatizo na Dokta Robhi. Ni mchapakazi, wote tunajua. Lakini tujiulize jamani, akiwa mkuu, nani atatengeneza ratiba?"

Wakacheka, Mama. Walicheka! Wala si kicheko cha ubaya, ingekuwa cha ubaya ningekivumilia. Kilikuwa kicheko cha watu walioambiwa ukweli. Mwingine akadakia, "Na mitihani?" Mwingine, "Na maabara ya mwaka wa kwanza, hapo ndipo tutakapokwama." Walinihesabia kazi zangu zote, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa sababu ya kuninyima. Wa mwisho akamalizia kwamba hata hivyo machapisho yangu ni machache ukilinganisha na ya Dokta Kelvin. Machache! Sasa niandike saa ngapi? Wakati wao wamejifungia wanaandika makala, nani alikuwa anawashikia watoto wao madarasani? Hizo makala za Kelvin ziliandikwa kwa mikono yangu ingawa sikugusa kalamu.

Nikasimama. Nikaanza kusema, na kwa kweli sauti ilipanda. Sikumaliza hata sentensi ya pili, mmoja akasema kwa utani, "Haya, hasira za Kikurya hizo, jamani tusogeze viti." Wakacheka tena. Hapo ndipo panaponichoma kuliko hata ukuu wenyewe. Mwanaume wa kwingine akigonga meza wanasema ana msimamo. Mimi nikipandisha sauti, wanatafuta panga liko wapi. Nikakaa. Wakapiga kura. Jina la Kelvin likapelekwa, likarudi na barua ya uteuzi.

Nilimpigia Mwita siku ile kwa sababu nilihitaji kusikia sauti ya nyumbani. Nilimkataza asikuambie, na kumbe mara hii tu maishani mwake amenyamaza, nadhani asije akaikosa nyama ya dume. Lakini unajua alinijibu nini? "Vumilia, dada. Endelea kuchapa kazi, wataona tu." Mura, kijana wewe Mwita! Kama unasikia barua hii ikisomwa, sikiliza vizuri. Wameona. Tatizo ni kwamba wameona. Wakaona kazi inafanyika vizuri na mfanyaji hachoki, basi wakaamua nibaki hapo hapo nifanye mpaka nizeeke.

Haya, endelea kusoma Mama, hatujafika kwa dume.

Wiki haikuisha Kelvin akaniita ofisini, ile ofisi ambayo nimekaimu mpaka kiti kimejua mgongo wangu. Akaagiza chai. Akasema wakaguzi wa mitaala wanakuja mwishoni mwa mwezi, wanataka andiko la idara nzima: kila somo linafundishwa nini, na nani, kwa vifaa gani, mwanafunzi anapimwaje. Bila andiko hilo shahada yetu inaweza kusimamishwa. Halafu akainama mbele, akanipa lile tabasamu lake, akasema, "Dada Mkubwa, wewe ndiye idara. Niandalie tu, mimi nitatia saini."

Ningeweza kumwagia chai, nakwambia kweli. Wakurya wote wangesingiziwa lakini ningekuwa nimepona. Badala yake nikakukumbuka wewe. Unamkumbuka yule bwana wa bondeni, aliyekuwa anakula kwenye kila risaga na kwenye palizi haonekani? Alipotangaza siku yake, wewe na wenzako hamkukataa. Mlikwenda mapema, majembe begani. Mkamwamkia vizuri. Mkakaa kwenye ukingo wa shamba lake, majembe magotini, mkanyamaza. Akasema, "Jamani, jua linapanda." Wewe ukamwambia, "Tunakusubiri wewe, mwenye shamba." Mlimkalia mpaka akaingia mwenyewe kwenye mstari wa kwanza, akainama, akalima jasho likamtoka, ndipo mkasimama.

Nikamwambia Kelvin, "Mkuu, tangaza Jumamosi. Waite wote. Nitakuja."

Akafurahi! Alinishukuru mpaka mlangoni.

Jumamosi nilikuwa wa kwanza kufika. Sikupika kitu. Nilikuja na kalamu moja na maelezo ya somo langu, yale ya kwangu tu. Wakaingia mmoja mmoja, kila mtu anachungulia meza ya pembeni kama kuna sufuria. Niliwaamkia wote kwa adabu. Nikakaa, nikaweka kalamu juu ya meza, nikakunja mikono. Mama Tunu alikuwa kwenye kompyuta tayari kuchapa. Aliniangalia mara moja, akaelewa, akaanza kufunga kilemba chake upya.

Kelvin akasema, "Dada Mkubwa, tuanze?"

Nikasema, "Anza, Mkuu. Sisi tutakufuata."

Akafungua faili. Akalifunga. Akauliza orodha ya masomo ya mwaka wa pili iko wapi. Nikasema iko kwenye kabati la mitihani. Akauliza kabati la mitihani ni lipi. Mama, mtu amefundisha hapa miaka yote hiyo hajui kabati la mitihani! Nikamwonyesha kwa kidole, sikuinuka. Yule mzee wa nadharia akasema, "Lakini Dokta Robhi si anayajua yote haya kichwani?" Nikamjibu, "Nayajua, mzee wangu. Ukiniuliza moja nitakujibu moja." Akaniuliza moja, nikamjibu moja. Mwingine akauliza kwa hasira kama nimegoma. Nikamwambia nimekuja wa kwanza, niko hapa, kalamu yangu hii. Nani kagoma?

Ikawa hivyo mpaka mchana. Wanafukua makabati, wanabishana somo gani liko chini ya nani, wanagundua wenyewe kwamba kuna somo lao moja halina hata muhtasari, mimi ndiye niliyekuwa nalifundisha kwa kuokoteza ili wanafunzi wasikose. Njaa inawauma. Andiko la somo langu nililimaliza, nikalisoma mara mbili, nikampa Mama Tunu. Kelvin akanifuata mlangoni, uso umemshuka, akasema kwa sauti ndogo, "Umebadilika, Dada."

Nikasema, "Sijabadilika. Mstari wangu umeisha. Niliwahi kukulimia shamba lako lote, Kelvin, na ulisema utakuja bila kuitwa."

Nadhani alikumbuka.

Jumatatu Profesa mwenyewe alinipigia kutoka kwake alikopumzika. Mtu ninayemheshimu, alinifundisha. Akasema, "Robhi, unawaumiza wanafunzi." Hilo liliniuma, Mama, nisikufiche, nililia. Maana nikifikiria wale wa mwaka wa kwanza, wanavyofunga jiwe kwenye uzi, wanalibembeza, wanahesabu, halafu jibu linatoka kama kitabu kilivyosema na mtoto anapiga kelele maabara nzima! Mimi nilikuwa vile. Wale siwaachi. Nilimwambia Profesa maabara ya mwaka wa kwanza naibakiza, ni shamba langu na nalipenda. Lakini ratiba, mitihani, mafunzo ya vitendo na kukaimu nimevirudisha mezani kwa mkuu, na funguo zake. Wapo wengi, wagawane. Akasema, "Unajua wakubwa watasema umekataa kazi. Jina lako halitapelekwa tena." Nikasema najua.

Na kweli najua. Sitakuwa mkuu wa idara hapa, Mama, si mwakani wala baadaye. Nimekaa nalo hilo na bado nina hasira, asubuhi naamka nayo. Lakini muhula huu nimeanza kuandika makala yangu ya kwanza baada ya miaka, na mjukuu wako ameniuliza kwa nini siku hizi nafika nyumbani jua likiwepo. Ratiba ya sasa imeweka madarasa mawili kwenye chumba kimoja. Nasikia wanagombana. Sijaenda kuangalia.

Haya, sasa tufike kwa dume. Nilipoanza kuandika nilitaka umrudishe kwenye nira, basi. Lakini najua umeshatangaza kanisani, na mama mdogo ameshawaambia watu wake kule ng'ambo ya mpaka, na mimi sitaki uwafuate watu nyumba kwa nyumba ukifuta maneno yako kwa ajili ya Kelvin. Kwa hiyo mchinjeni. Ila usiseme ni sherehe ya cheo. Waite wale wote walioingia shambani kwetu mwaka ule Baba anaumwa, na watoto wa waliokwisha kufa, ule ndio mwaka nilioweza kubaki shuleni. Waambie Robhi ni mwalimu wa fizikia, anafundisha watoto wa watu, na ule ukuu aliwaachia wenyewe.

Nisalimie kaka yangu Mwita, na mwambie nimemsamehe kwa lile neno la kuvumilia, ila asilirudie. Msalimie wifi yangu Ghati, nawe sasa unaweza kumsimulia, najua anasubiri. Msalimie mama mdogo akivuka. Msalimie mwalimu wangu wa fizikia wa sekondari kama bado anakuja sokoni, mwambie mwanafunzi wake yupo.

Na nyama ikishagawanywa, mguu wa mbele usiukate. Mpelekee Mama Wegesa mzima mzima, uubebe wewe mwenyewe uvuke nao mto. Akiuliza wa nini, mwambie hukumwita, na alikuja.

Mwanao akupendaye,
Robhi